Maswali ya Wasomaji: Ukungu Ute wa Msituni

Tangu tulipochapa picha ya vifuko vyekundu vya Arcyria juu ya gogo lililooza, barua kuhusu ukungu ute zimekuwa nyingi kuliko za ndege na vipepeo zikijumlishwa. Nafurahi mno. Safari hii ukurasa wote ni wa viumbe hawa, ambao kwanza ni ute unaotambaa, kisha hujigeuza vifuko vya spora, yaani chembe za uzazi zilizo kama vumbi. Nimeanza na barua ya mama mmoja ambaye amefanya jambo ninalotamani kila msomaji alifanye.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kando ya njia yetu ya msituni kuna miti iliyowekewa matandazo ya vipande vya mbao. Baada ya mvua nilikuta hapo donge la njano iliyokolea, laini, limelowa, upana wake viganja viwili. Kesho yake sikulikuta pale pale. Lilikuwa limepanda shina la jirani, umbali wa shubiri mbili hivi. Siku ya tatu lilikuwa limekauka, limefanya gamba la rangi ya kaki, na nilipoligusa kwa kijiti likatoa vumbi jeusi. Mume wangu anasema tulimwagie dawa kabla halijaua miti. Ni kitu gani hiki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto dawa aiache. Hiyo ni Fuligo septica, na nimeitambua kwa sababu ulirudi siku tatu mfululizo. Ungeniletea picha ya siku ya kwanza peke yake ningekuambia tu kwamba ni ute wa njano, maana spishi nyingi za Physarum, jenasi nyingine ya ukungu ute, nazo zina ute wa njano. Kilichonipa uhakika ni mwisho wake: donge moja nene lisilo na vikonyo, gamba la chokaa linalomomonyoka likiguswa, na ndani vumbi jeusi la spora.

Mti wenu hauna jeraha lolote. Ule ute ulikuwa unakula bakteria, chachu na spora za uyoga zilizomo kwenye mbao zinazooza. Uliposhiba, au chakula kilipopungua, ukatafuta mahali pakavu na palipoinuka ili spora zake zichukuliwe na upepo. Shina likawa ngazi tu. Ukipitisha kisu chini ya gamba lile utaona linabanduka zima zima, na gome la mti chini yake liko salama.

Tahadhari ni moja. Mwenye pumu au mzio asilivuruge likishakauka, kwa sababu spora zake huweza kumsumbua kifua. Na msilipige maji ya mpira, maana mtazitawanya spora. Likiwakera, lichoteni kwa koleo likiwa bado bichi, mlihamishie chini ya kichaka. Si ninyi wa kwanza kuingiwa na wasiwasi: mwaka 1973, kwenye viunga vya jiji la Dallas nchini Marekani, Fuligo iliyoota uani kwa mtu ilizua taharuki hadi kwenye magazeti, watu wakidhani ni kiumbe kutoka nje ya dunia.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kwenye gogo nimeona vidonge vya mviringo vya waridi, vidogo vidogo, vimekaa kwa makundi. Nilipokibonyeza kimoja kikatoa uji wa waridi. Wiki iliyofuata vilikuwa vya kijivu na vikavu. Je, ni uyoga mchanga? Na je, nina hatia kwa kukibonyeza?

JIBU: Hatia huna, mwanangu, ila usivibonyeze vyote. Hivyo ni Lycogala, na kwa miaka mingi vitabu vyote vingekupa jina moja, Lycogala epidendrum. Ukubwa wake ni wa vifungo vya shati, na ni kati ya ukungu ute ulio rahisi kuutambua popote duniani: waridi au rangi ya machungwa ukiwa mchanga, uji ndani, kisha kijivu au kahawia yenye vipele vidogo juu ya ngozi, na unga mkavu mahali pa uji. Pia ndio wa kwanza kuandikwa na mtaalamu. Mwaka 1654 Thomas Panckow, Mjerumani, aliuelezea katika kitabu chake cha mitishamba, akiudhani ni uyoga unaoota upesi.

Sasa andika kwenye daftari lako "Lycogala" bila kuongeza jina la pili. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kile tulichokiita epidendrum ni spishi nyingi zinazofanana sana. Rangi ya uji, rangi ya unga ukikomaa na umbo la vipele vya ngozi ni mambo yanayosaidia kuzitenganisha, kwa hiyo ulivyoandika kwamba uji ulikuwa wa waridi ni taarifa yenye thamani. Wengi huniletea vidonge vya kijivu tu, wala hawajui vilianzaje.

SWALI: Nimeambatanisha picha nne za ute mweupe niliouona ndani ya ufa wa gogo. Nimezipiga kwa kamera nzuri. Naomba jina la spishi.

JIBU: Picha zako ni safi kabisa, kaka, na jina sina la kukupa. Hapa naomba nafasi, kwa sababu nusu ya barua zilizoletwa zina tatizo hili.

Ute mtupu hauna alama za kutosha. Ukungu ute wa kundi la miksomiseti una takriban spishi 1,000 zinazojulikana, na katika hatua ya ute nyingi hazina tofauti isipokuwa rangi: nyeupe, njano, waridi, nyekundu, hata nyeusi. Rangi yenyewe hubadilika kwa chakula na mwanga. Alama za kutambulisha hutokea pale ute unapoacha kutembea na kujigeuza vifuko vya spora. Kwa hiyo usiukwangue, usiuchukue nyumbani ukiwa umelowa (utaoza na kunuka, na utakuwa umepoteza ute pamoja na vifuko vyake), bali weka alama kwenye gogo na urudi kesho. Ukiweza, rudi jioni ile ile.

Nikueleze utakachoona ikiwa una bahati na ute wako ni wa Stemonitis, kundi ambalo mara nyingi huanza hivyo, jeupe na ndani ya ufa. Jioni ute hutoka juu ya gogo na kutuna. Baada ya saa chache uso wake hupasuka kuwa punje nyingi zilizobanana, kila punje ikianza kuinuka. Hapo chukua lenzi ya mkono usogee karibu hadi pua iguse gome. Katikati ya kila nguzo nyeupe kuna uzi mweusi unaong'aa: hicho ni kikonyo, kinatengenezwa kwa ndani, nao ute unapanda kukifuata hadi juu, ukiacha sehemu ya chini wazi. Nguzo ikifika urefu wake, sentimita moja au mbili, weupe unaanza kuingia waridi, kisha kahawia. Kutoka ute hadi vumbi la kahawia inaweza kuwa siku moja tu. Mtu aliyepita asubuhi na mtu aliyepita asubuhi ya pili wataapa kwamba wameona viumbe wawili tofauti.

Ukisharudi na kukuta vifuko vimekomaa, ndipo maswali yanapoanza kujibika. Je, vifuko vimesimama kimoja kimoja, au vimeungana kuwa donge moja, au ni mrija mmoja uliojipinda kufanya wavu wa dhahabu, ambao karibu bila shaka utakuwa Hemitrichia serpula? Kuna kikonyo? Cheusi, chekundu, cheupe? Kikonyo cheupe cha chokaa chini ya kifuko kinachometa buluu na zambarau, juu ya jani lililoanguka, hicho ni Diachea leucopodia, na ukishakiona mara moja hutahitaji kuuliza tena. Je, kuna chembe nyeupe za chokaa juu ya ngozi? Tone la siki juu ya kifuko kimoja cha kutoa sadaka litakuonyesha: chokaa hutoa mapovu na kuyeyuka. Kwa Physarum chokaa ni punje zisizo na umbo, kwa Didymium ni fuwele zenye ncha, na tofauti hiyo unaiona kwa lenzi nzuri.

Halafu spora. Gusa kifuko juu ya karatasi nyeupe, upulize kidogo. Rangi ya unga ule ndiyo mlango wa vitabu vyote vya utambuzi: upande mmoja weusi na kahawia iliyoiva (Fuligo, Physarum, Stemonitis), upande mwingine rangi angavu za njano, nyekundu na waridi (Trichia, Arcyria, Lycogala). Ukishajua uko upande gani umeondoa nusu ya uwezekano. Baada ya hapo, kwa spishi nyingi, itabidi hadubini. Stemonitis fusca na Stemonitis axifera huzitenganishi kwa uhakika bila kuziona spora: za kwanza zina wavu wa vipele juu yake, za pili ni ndogo zaidi na karibu laini. Picha ya simu, hata iwe nzuri vipi, haifiki huko, na anayekupa jina kamili kwa picha hiyo anakubahatishia.

Nyongeza kwa mwenye kamera: piga ya karibu, piga ya ubavuni ili kikonyo kionekane, piga na gogo zima, na weka rula au njiti ya kiberiti pembeni. Andika mti gani, kama gome lipo au limebanduka, na kama gogo linabonyea kwa kidole. Kwangu mimi mistari mitatu hiyo ina uzito kuliko picha ya tano.

SWALI: Rafiki yangu mkulima anashikilia kwamba huu ni uyoga tu, na kwamba "kutembea" ni hadithi. Nimjibu nini?

JIBU: Mpe lenzi na tochi. Zamani wataalamu nao waliuweka kundi moja na uyoga, hadi Anton de Bary wa Ujerumani alipofuatilia spora zikipasuka, mwishoni mwa miaka ya 1850, akaona kinachotoka si uzi wa kuvu bali ni seli inayotambaa kwa mtindo wa amiba. Leo tunajua hapo ndipo mahali pake, katika ukoo wa amiba. Ute wote ule, hata ukienea upana wa meza, ni seli moja yenye viini maelfu kwa maelfu visivyotenganishwa na kuta. Uyoga hunyonya chakula kupitia nyuzi. Huu unakizingira chakula na kukimeza.

Na kutembea kunaonekana. Chagua mshipa mnene kwenye ute wa njano, umulike kwa ubavu, utulie na lenzi. Chembe zilizomo ndani zinakimbia upande mmoja, zinapunguza mwendo, zinasimama, kisha zinarudi zilikotoka, na mzunguko huo huchukua dakika moja au mbili. Kila mara kwenda kunazidi kurudi kidogo, ndiyo maana ute wote husogea, labda sentimita moja au zaidi kwa saa. Mwaka 2000 Toshiyuki Nakagaki na wenzake huko Japani waliweka Physarum polycephalum ndani ya mzingile, yaani njia nyingi zinazopindana na kupoteza, wenye chakula kwenye milango miwili. Ute ulijaza njia zote, kisha ukajiondoa kwenye zisizofika popote na kubaki kwenye njia fupi ya kuunganisha vyakula viwili. Hauna ubongo wala neva. Mwambie rafiki yako uyoga wake haufanyi hivyo.

SWALI: Nimepata Fuligo ya zambarau! Sijaona kitabu chenye rangi hiyo. Inawezekana ni spishi mpya?

JIBU: Furaha yako naielewa, lakini uliyoiona ni viumbe wawili. Chini ni Fuligo septica iliyokwisha kukomaa; juu yake imeota Nectriopsis violacea, kuvu wa kweli anayeishi kwa kumla huyo mwenzake, na zambarau ni yake. Chukua lenzi utafute vidoa vidogo vya mviringo vilivyokolea rangi juu ya gamba: hizo ndizo nyumba za spora za kuvu. Si spishi mpya, ila ni kitu kizuri kukiona, na ningekuomba ukihifadhi.

Barua yako imenikumbusha picha nyingine zilizokuja ambazo si ukungu ute kabisa. Ute wa njano uliokunjamana juu ya tawi kavu, unaovutika ukishikwa, ni Tremella, uyoga wa utelezi. Huo ukirudi kesho utaukuta vile vile, na kesho kutwa pia, na ukikauka hunywea kisha hufufuka mvua ikinyesha. Povu lenye harufu ya uchachu linalotiririka kutoka jerahani mwa mti ulio hai ni utomvu uliovamiwa na bakteria na chachu. Vidonge vyeupe vinavyopitisha mwanga chini ya gogo, ukivipasua ni maji matupu, ni mayai ya koa. Na yule aliyeniletea vifimbo vyeupe, laini, vinavyopitisha mwanga, vimetapakaa juu ya gogo lililolowa: hivyo ndivyo kweli, ni Ceratiomyxa fruticulosa, iliyoenea karibu dunia nzima, nayo ina ajabu yake. Haina kifuko. Spora zake zimekaa kwa nje, kila moja juu ya kikonyo chake, ndiyo maana mvua moja tu inaifuta.

SWALI: Sampuli ya ukungu ute ninaihifadhi vipi ili nikuletee isiharibike?

JIBU: Subiri ikomae, kisha kata kipande cha gome au mbao pamoja nayo, usiikwangue kutoka ilipoota. Ikaushe siku chache mahali penye hewa, pasipo jua kali, mbali na utitiri na mbawakawa, maana wapo mbawakawa ambao maisha yao yote ni kula spora hizi. Kisha bandika kipande kwa gundi ndani ya kisanduku cha kiberiti, upande wa droo, ili vifuko visiguse kitu. Juu andika tarehe, mahali, na imeota juu ya nini. Ikiwa mkavu hudumu miongo mingi na bado inasomeka kwa hadubini.

Msidharau kisanduku cha kawaida. Minakata Kumagusu, mtafiti wa Japani aliyeipenda kazi hii hadi spishi moja ya kwenye mti wa bustanini mwake ikaundiwa jenasi kwa jina lake, Minakatella, mwaka 1921, alipokutana na Mfalme Hirohito mwaka 1929 alimkabidhi vielelezo 110 vya ukungu ute ndani ya maboksi ya peremende. Mfalme naye alikuwa mchunguzi wa viumbe hawa hawa, na alijua alichopewa.

SWALI: Mwenzangu, miaka imekwenda na magoti hayanipeleki tena msituni. Je, nifunge daftari?

JIBU: Usifunge. Muombe kijana akuletee vipande vya gome la mti ulio hai, gome la juu lililokauka, yale magamba yanayobanduka yenyewe bila kuuumiza mti. Tandaza karatasi ya kunyonya maji kwenye kisahani chenye mfuniko, panga magome bila kubebana, mwagia maji safi yasiyo na dawa hadi yaelee, uyaache usiku na mchana. Kesho mimina maji yaliyobaki, funika, weka mahali penye mwanga usio wa jua moja kwa moja. Njia hii ilianza kujulikana mwaka 1933, Gilbert na Martin walipoeleza ukungu ute uliojitokeza kwenye magome yaliyowekwa kwenye unyevu, na hadi leo ndiyo inayowapatia wataalamu spishi ambazo msituni macho hayazioni.

Anza kukagua siku ya pili, kwa lenzi au hadubini ndogo, mwanga ukitokea ubavuni. Baadhi, mathalani Echinostelium minutum, hazifiki nusu milimita: kikonyo cheupe na kichwa cha mviringo juu yake. Nyingine huchelewa, kwa hiyo endelea kukagua kwa wiki kadhaa, ukiongeza maji kidogo karatasi ikikauka, na usikate tamaa kuvu wa kawaida wakitangulia. Kipande cha gome kikitoa kitu, kiandikie namba na jina la mti uliokitoa. Ukipata chenye kikonyo, acha mfuniko wazi kidogo kikauke polepole, kibandike kisandukuni, kisha niletee nikione.